Sauti ya Mkwe Ndani ya Hedifoni

Kamati ya ukoo, ikiwa imekaa kikao halali huko Misikhu, wajumbe tisa wakiwepo na wawili wakiwa wametuma udhuru, iliamua yafuatayo kwa kauli moja. Kwamba mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatapeana mikono. Kwamba hawatakula wakionana. Kwamba hawatakaa chumba kimoja wala kutazamana usoni. Kwamba mambo haya hayakuanzishwa na kamati, bali yalikuwako kabla ya kamati, kabla ya lami na kabla ya mahindi. Kwamba, kwa kuwa sauti ya mtu ni sehemu ya mtu, sauti ya mkwe isisikike tena ndani ya nyumba ya mama mkwe, iwe kwa mdomo, kwa simu iliyowekwa spika, kwa televisheni, au kwa chombo kingine chochote, hata kile ambacho hakijavumbuliwa. Kwamba atakayekiuka atatoa kondoo dume mmoja, na mashine iliyoleta mambo haya irudi Bungoma ilikotoka. Kwamba heshima ni umbali.

Chini palikuwa na sahihi ya mwenyekiti, Mzee Mukhwana, na alama ya mviringo ya kikombe cha chai, ambayo haikuwa sehemu ya uamuzi.

Barua hiyo ilimfikia Phelista nyumbani kwake Matisi, mjini Kitale, siku ya Jumatatu. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akaiweka chini ya redio pamoja na barua za kanisa na bili za maji. Mzee Mukhwana, ambaye ni ndugu ya marehemu mumewe, alikuwa ameongeza kwa kalamu pembeni kwamba atakuja mwenyewe Jumapili ya pili, saa kumi alasiri, kuhakikisha.

Saa kumi ya Jumapili ndiyo saa ya mechi. Mzee hakuichagua kwa bahati.

Phelista, ambaye Matisi nzima inamwita Mama Joan, ana miaka hamsini na tisa na ni mnunuzi wa mahindi. Siku za soko huenda mji wa Kwanza na bambo lake, chuma chembamba cha kuchomea magunia, mkobani. Mkulima anaweza kuapa kwa Mungu na kwa kaburi la mamake kwamba mahindi yamekaa juani wiki mbili; Phelista humsikiliza kwa adabu mpaka amalize, kisha hulichoma bambo katikati ya gunia, si juu, ambako mahindi mazuri hupangwa kama waumini wa safu ya mbele. Punje ikitoka huitia kinywani na kuiuma kwa jino la nyuma. Ikilia ka! imekauka. Isipolia, huitema kando na kusema, "Rudisha hii juani, baba, bado inalala." Kuna mashine ya kupima unyevu pale sokoni. Mwenye mashine, anapokuwa na shaka nayo, humwita Phelista.

Kwa hiyo alikuwa mtu wa kazi, mwenye jina lake, na hakuna aliyemtazamia kuwa kiungo mkabaji.

Ilitokana na mguu. Miaka mitatu iliyopita aliteleza ghalani, gunia likamfuata, na mguu ukavunjika mahali pawili. Binti yake Joan alikuja kutoka Bungoma kumuuguza kwa miezi mitatu, na kwa kuwa alimwacha mumewe peke yake huko, alibeba mashine ya gemu ili jioni wacheze kandanda, yeye Kitale na mume Bungoma, kila mmoja na mashine na televisheni yake. Ndivyo wanandoa wa siku hizi wanavyotumiana salamu. Joan alicheza vibaya. Mama, akiwa kitandani na mguu umewekwa juu ya mito, alivumilia siku nne. Siku ya tano alisema, "Lete hiyo kitu. Unampatia mpira ni kama ni sadaka."

Wiki tatu zilizofuata, Mukhisa, mume huyo, mpima ardhi, mtu wa maneno machache na hesabu nyingi, alifungwa karibu kila jioni. Akafurahi. Alimwandikia Joan kwenye simu: "Mke wangu, siku hizi unacheza kama mtu." Joan, ambaye hana siri hata ya dakika moja, akajibu: "Si mimi. Ni mama."

Bungoma ikanyamaza siku nne.

Ni lazima msomaji aelewe ukubwa wa jambo. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukimbiana. Mukhisa alipokuwa akija Kitale, alikaa barazani na Phelista akabaki jikoni, na salamu zikapita ukutani. Alipotaka kujua kama chai ina sukari, alimuuliza Joan, na Joan akamuuliza mamake aliyekuwa amesikia tayari. Phelista alivijua viatu vya mkwe wake kuliko uso wake, maana viatu ndivyo vilivyoonekana chini ya pazia. Sasa mtu kama huyo amegundua kwamba kwa wiki tatu amekuwa akimtegea mama mkwe wake mguu kwenye kisanduku cha hatari.

Siku ya tano ujumbe ulikuja kwa Joan: "Mwulize mama kama mguu unaendelea vizuri." Dakika kumi baadaye ukaja mwingine: "Pia mwulize kama anaweza kucheza upande wangu."

Walianza kucheza pamoja dhidi ya watu wa mbali wasiowajua. Mwaka mzima hawakusema neno. Joan alirudi Bungoma, mashine ikabaki Matisi, na kila Jumapili baada ya kanisa wawili hao walikimbia uwanja mmoja kimya kama watawa. Halafu siku moja, dakika ya themanini na nane, adui akiwa nyuma ya Phelista, sauti ya kiume ilitoka kwenye televisheni: "Mama, nyuma!" Phelista akageuka, akauchukua mpira, Mukhisa akafunga. Hakuna aliyeomba msamaha. Wiki iliyofuata sauti ilikuja mapema zaidi, kabla ya mpira kuanza. "Mama, uko?"

"Niko," alisema Phelista, kwenye maiki ndogo iliyo ndani ya pedi ya kuchezea.

Mumewe, Wanyonyi, alikuwa amekufa miaka sita kabla. Katika nyumba hiyo kulikuwa na redio, saa ya ukutani na friji inayokohoa, lakini hakuna hata kimoja kilichokuwa kikimuuliza kama yuko. Hilo Phelista hakumwambia mtu. Alisema tu kwamba gemu inanyoosha vidole, na mnunuzi wa mahindi anahitaji vidole.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka Mzee Mukhwana alipopita Matisi bila taarifa, akasikia dirishani sauti ya Mukhisa ikisema, "Ngoja, mama, usikimbie, ngoja nije." Alisimama chini ya upenu dakika ishirini, akiwa na kilo mbili za njugu mkononi, akisubiri mkwe atoke kwa mlango wa nyuma kwa heshima. Hakutoka. Mzee alipoingia, akamkuta shemeji yake peke yake na televisheni, alishtuka zaidi kuliko kama angemkuta Mukhisa mwenyewe kwenye kochi. Njugu aliondoka nazo.

*

"Karibu, Mama Joan," alisema Hasina. "Leo redio imekataa tena?"

Duka la Hasina liko karibu na msikiti, mjini Kitale, na huuza simu, redio, saa na waya za kila aina.

"Leo nataka hedifoni. Hizi za bila waya. Za gemu."

"Za wajukuu?"

"Za mimi."

Hasina hakucheka. Yuko kwenye biashara miaka mingi na anajua kwamba mteja akichekwa hununua kwa jirani. "Unataka za aina gani?"

"Nataka mkwe wangu akiongea, mimi nisikie. Na mtu mwenye ameketi hapo kwa kiti asisikie."

"Mkwe ako wapi?"

"Bungoma."

"Na huyo wa kiti?"

"Huyo ndio shida."

Hasina alimtolea boksi jeusi lenye herufi za dhahabu na jina la kampuni ambayo hatutaitaja, kwa kuwa yenyewe ingeshangaa kujikuta humo. "Shika uone uzito. Hii ndiyo mali. Kitu original hujulikana kwa uzito."

"Ni nzito," Phelista alikubali, kwa sauti ambayo wakulima wa Kwanza wanaijua na kuiogopa. Aliziinua hadi sikioni, hakuzivaa, akazitikisa mara mbili. Ndani kitu kiligonga: ko, ko.

"Kuna nini humu?"

"Ni spika, mama."

"Spika inatembea?"

Hasina alileta bisibisi. Alizifungua palepale juu ya kioo cha kaunta. Kila upande ulikuwa na kipande cha chuma cha ukubwa wa punje ya haragwe, kimebandikwa kwa gundi, hakijaungwa na kitu chochote, hakina kazi ila kuwa kizito. Kimoja kilikuwa kimebanduka.

"Kumbe ni jiwe kwa gunia," alisema Phelista bila hasira. Kwa kweli alihisi yuko nyumbani. Alikuwa ameingia dukani akiogopa kwamba mambo ya umeme yana ujanja wake. Sasa aligundua kwamba ujanja ni uleule.

Hasina alisema neno moja juu ya aliyemletea mzigo, akaomba msamaha kwa neno hilo, akaenda kwenye rafu na kuteremsha maboksi yote kumi na moja ya aina hiyo. Tangu siku hiyo hutikisa kila kitu kinachoingia dukani, zikiwemo saa.

Za pili zilikuwa nyepesi, za rangi ya maziwa, na zilipotikiswa zilinyamaza. Zilishika simu kwa bluutuuthi mara moja. Phelista alizivaa juu ya kitambaa chake na miwani, hazikumbana. Wimbo wa kwaya ulimwagika masikioni kama uji. Alizichukua.

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni pa Hasina kabla ya Hasina.

"Zimekataa?"

"Hazijakataa. Zimechelewa." Phelista aliziweka kwenye kaunta kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. "Mashine ilizikataa kabisa. Nikaziunganisha na TV, zikashika. Lakini sasa napiga mpira, naona umeenda, halafu ndio nasikia teke. Unajua mtu akipasua kuni ng'ambo ya mto? Unaona shoka limefika chini, unangoja, halafu sauti inakuja. Hivyo. Nimefungwa tano. Na mimi nikiongea, mkwe hasikii kitu. Ameniuliza 'Mama, uko?' mara sita. Nikajibu mara sita. Akadhani nimekufa, akapigia Joan."

Hasina alisikiliza yote. Halafu akaeleza, na kwa haki yake alieleza vizuri: kwamba hizo ni za nyimbo na mahubiri. Mhubiri akichelewa nusu sekunde, nani atajua? Gemu ni mambo mengine. Za gemu huja na kidude chao kidogo cha kuchomeka kwenye mashine, na kidude na hedifoni huongea wao wawili peke yao, haraka, bila kuuliza simu wala TV. Na ziwe na maiki yao wenyewe, inayokaribia mdomo.

"Ungeniambia jana."

"Jana ulisema shida ni mtu wa kiti. Hukusema shida ya mpira."

Hilo lilikuwa kweli, na Phelista aliheshimu ukweli hata ukiwa dhidi yake.

Za tatu zilikuwa na kidude, zilikuwa na maiki, na ziliwahi. Walizijaribu kwenye mashine ya fundi wa jirani. Teke na mpira vilifika pamoja. Ikabaki mtu wa kiti. Phelista alipanga duka kama sebule yake: kaunta ikawa televisheni, stuli ikawa kochi, na katoni la pasi hatua mbili kando likawa kiti cha Mzee Mukhwana. Hasina alizivaa na kuwekewa taarifa ya habari kwa sauti ya juu. Phelista akaketi kwenye katoni, akakunja mikono, akakaza uso kama mwenyekiti wa kamati.

Baada ya dakika moja alinyanyua mkono. "Toa. Nimesikia mpaka hali ya hewa. Kesho mvua."

"Hizi zimetengenezwa wazi kwa nje," Hasina alijitetea. "Ni kwa sababu masikio yapumue."

"Masikio yangu yamepumua miaka hamsini na tisa. Yanaweza kupumzika."

Hasina hakuwa na za nne. Alisema huenda Bungoma zipo, kuna mwenye duka huko anayewauzia vijana wanaocheza gemu kwa sayba. Phelista alimtazama kwa huruma. Bungoma palikuwa na mtu mmoja tu anayeelewa kazi hii, naye ndiye ambaye sauti yake ilikuwa imepigwa marufuku.

*

Simu ilipigwa jioni hiyo kwa njia iliyokubalika, yaani kwa Joan, na spika haikuwekwa.

"Mwambie Mukhisa," alianza Phelista, "ziwe zimefunika sikio lote."

"Mama anasema zifunike sikio lote," Joan alisema, akiwa amegeuka.

Kwa mbali Phelista alisikia mngurumo wa mkwe wake, akajilazimisha kutousikia.

"Anasema amejua. Zenye zimefungwa nyuma. Anauliza chaji."

"Zikae mechi tatu. Stima ikipotea tuko katikati nisiachwe."

"Zikae mechi tatu. Anasema zenye ameona zinakaa siku mbili. Anauliza… mama, ati anauliza kichwa."

"Kichwa gani?"

"Chako. Ukubwa."

Mukhisa, ambaye kazi yake ni kupima mashamba ya watu mpaka sentimita ya mwisho, ambaye mahakama imewahi kuamini macho yake kuliko ya mashahidi wanne, hakuwa na habari yoyote juu ya kichwa cha mama mkwe wake. Alikuwa hajawahi kukiangalia. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake ya miaka kumi na moja, na sasa ndiyo iliyomkwamisha.

"Mwambie ni cha kawaida," alisema Phelista hatimaye.

"Anasema hakuna kichwa cha kawaida."

"Basi aangalie chako, aongeze kitambaa."

Yaliyofuata Joan alimsimulia kesho yake, akikatizwa na kicheko chake mwenyewe. Walikwenda dukani wote wawili. Mukhisa alimvisha mkewe kitambaa cha kanisa na miwani ya kusomea ya mwalimu jirani, akamketisha kwenye stuli, akaanza kumjaribishia hedifoni moja baada ya nyingine, akirudi nyuma hatua tatu kutazama kama mtu anayekagua beakoni ya mpaka wa shamba. Mwenye duka aliuliza kama dada anaumwa kichwa. Mukhisa akasema hapana, si yeye, yeye ni ramani tu.

"Na zote alizitikisa, mama. Zote. Nikamuuliza, hii umetoa wapi? Ati, 'Si mama amefundisha wanunuzi wote wa Kwanza?'"

"Nilisema hiyo lini?"

"Kwa gemu. Eti ulimwambia mkingoja penalti."

Phelista hakukumbuka. Lakini alikaa na jambo hilo muda mrefu baada ya simu kukatika: kwamba kuna mtu Bungoma anayebeba maneno yake, na kuyatumia.

Kifurushi kilifika Jumamosi, kupitia ofisi ya mizigo, kama inavyofaa, mkono wa mkwe usiguse mkono wa mama. Hedifoni zilikuwa nyeusi, bila dhahabu yoyote. Phelista alizitikisa: kimya. Alizipima kiganjani: nyepesi kiasi cha debe tupu. Alikunja utepe wa kichwani, ukarudi. Halafu, kwa kuwa mazoea hayana dawa, alikiuma kidogo kile kifuniko laini cha sikio kwa jino la nyuma. Hakikulia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hilo halikumsumbua. Alama ya jino ipo mpaka leo, upande wa kushoto, naye huitumia kujua upande wa kushoto.

Alichomeka kidude, akavaa, akawasha. Friji ilitoweka. Saa ya ukutani ikatoweka, na Matisi yote pamoja na mbwa wake. Kisha, karibu kabisa, karibu kuliko televisheni ilivyowahi kuwa, alisikia mtu akivuta pumzi, kuku akilalamika uani, na Joan akiuliza mtu ameweka wapi kisu.

"Mama, uko?"

Phelista alizishika hedifoni kwa mikono miwili. Kamati ilikuwa imeikataza sauti ya mkwe ndani ya nyumba. Haikuwa imesema lolote juu ya kichwa. Alijaribu kufikiria baba zao wangeamua nini kuhusu mkwe aliyefika ndani ya sikio bila kupita mlangoni, na akaona kwamba baba zao wangehitaji vikao viwili.

"Niko," alisema. "Unasikika kama uko hapa. Usiseme hivyo kwa mtu."

*

Mzee Mukhwana alifika Jumapili saa kumi kasoro dakika tano, amevaa koti, na daftari limekunjwa mfukoni. Safari hii hakubeba njugu, kwa kuwa alikuja kikazi.

"Mulembe, Mama Joan."

"Mulembe, shemeji. Karibu chai."

"Chai baadaye. Kwanza kazi." Kisha, kwa kuwa chai ilikuwa imemiminwa tayari, akainywa. "Endelea kama mimi siko."

Kuendelea kama mtu hayuko, huku mtu huyo ana daftari, si jambo jepesi. Phelista alishika pedi. Alijua kinachomngoja: kama neno moja la Mukhisa lingetoka nje ya zile hedifoni, kondoo si kitu, kondoo wapo, lakini mashine ingefungwa kwenye katoni, na Jumapili ingerudi kuwa redio, saa na friji. Alizivaa, akazikandamiza juu ya kitambaa, akageuka kumtazama Mzee. Mzee akamwashiria aanze, kama refa.

Mpira ulianza. Mzee alitega sikio. Alisikia vidole vikibonyeza, mbwa wa jirani, na tumbo lake mwenyewe likipokea chai. Dakika kumi zilipita. Aliandika saa kwenye daftari, na mbele yake akaandika: hakuna.

Kuna jambo moja juu ya hedifoni zinazofunika vizuri ambalo Hasina hakulisema, wala mwenye duka wa Bungoma, wala boksi. Anayezivaa hajisikii mwenyewe.

"MUKHISA!" Phelista alinguruma. Kikombe cha Mzee kiliruka kwenye sosa. "MUKHISA, UNAKIMBIA WAPI? RUDI! WACHA HUYO, HUYO NI WANGU!"

Mlango wa jirani ulifunguliwa. Mtu aliuliza kama kuna mwizi.

"MPATIE! MPATIE HUYO WA KULIA! SI HUYO, HUYO AMELALA! EEH! EEH, MWANANGU! HAPO SASA!"

Mzee Mukhwana aliishika kalamu juu ya daftari. Alirudia uamuzi akilini, kifungu kwa kifungu, maana ni yeye aliyeutunga na aliujua. Ulisema sauti ya mkwe. Sauti hii haikuwa ya mkwe. Ilikuwa ya mama mkwe, nayo ilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, ambako hakuna kamati iliyowahi kumkataza mtu kupiga kelele. Aliinuka, akasogea polepole, akainamisha kichwa kuelekea hedifoni, akiacha nafasi inayofaa kwa shemeji. Alisikiliza sana. Ndani, mbali, palikuwa na mvumo, kama nyuki wakiwa ndani ya mzinga uliofunikwa.

"Nasikia nyuki," alisema.

Phelista hakumsikia. Ilibidi amguse begani. Phelista aliinua sikio moja la hedifoni haraka, akalibana kiganjani lisivuje sauti.

"Nasema nasikia nyuki, Mama Joan. Lakini hakuna neno. Nyuki hatukutaja."

"Hamkutaja, shemeji."

"Basi." Alirudi kitini, akaandika mistari mitatu kwa utaratibu, akaweka tarehe na sahihi. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo ambao hata yeye hakuupenda. Akatazama skrini. "Hao wenye jezi nyekundu ni nyinyi?"

"Ni sisi."

"Na mnaongoza?"

"Mbili moja. Kumebaki dakika sita. Tumepata kona."

Mzee alifunga daftari. Alijipapasa mfukoni, akatoa simu yake, akaitazama, akairudisha; salio lilikuwa limeisha tangu Misikhu. Nakala ya uamuzi ya Mukhisa haikuwa imetumwa, na sasa palikuwa na ripoti juu yake, na utaratibu ni kwamba kila upande ujulishwe. Alikohoa kidogo, kama anavyofanya kabla ya kufunga kikao.

"Hebu mwambie Mukhisa," alisema, "kwamba kamati imeridhika kuwa nyinyi wawili hamzungumzi."

Phelista alirudisha hedifoni sikioni, akamwambia.